Sungura wa Shilingi Moja: Thamani ya Kitabu cha Picha Kilichotumika

Kitabu cha picha cha mtoto huchakaa upesi kuliko kitabu kingine chochote. Husomwa sakafuni na kitandani, hufunguliwa kwa mikono yenye uji, huchorwa kwa kalamu za rangi, na mtoto akikipenda hutaka kisomwe tena jioni ileile. Ndiyo maana vitabu vilivyopendwa mno na watoto wa zamani ni adimu leo vikiwa safi, na ndiyo maana wauza vitabu vya kale walilazimika kujifunza kuvisoma kwa namna yao: kwanza ganda, kisha uti, kisha karatasi, na hadithi yenyewe mwisho.

Mfano ulio wazi ni wa Beatrix Potter wa Uingereza. Tarehe 4 Septemba 1893 alimwandikia barua yenye michoro Noel Moore, mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani, akimsimulia habari za sungura mmoja mtukutu. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua hiyo, akaikuza hadithi na kuwapelekea wachapishaji, nao wakaikataa. Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe, picha zote zikiwa nyeusi na nyeupe isipokuwa ile ya mwanzo. Februari 1902 zilifuata nyingine 200. Oktoba mwaka huo kampuni ya Frederick Warne ikatoa The Tale of Peter Rabbit ikiwa na picha za rangi. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kuagizwa zote kabla ya siku ya kutoka, na baada ya mwaka mmoja zilikuwa zimechapwa zaidi ya 56,000. Nakala yenye ganda la karatasi iliuzwa shilingi moja.

Tofauti kati ya chapa hizo ndiyo msingi wa bei zake. Nakala za Desemba 1901 zina uti bapa. Za Februari 1902 zina uti wa mviringo, na ukurasa wa jina unataja mwezi huo. Kwa nakala za Warne, mjuzi hutazama karatasi zilizobandikwa ndani ya ganda. Za mwanzo zina ruwaza ya majani. Mwaka 1903 ziliwekwa karatasi zenye picha za rangi, na ili kuzipatia nafasi, michoro minne iliondolewa kitabuni. Hata lugha ilibadilika: katika ukurasa wa 51, kitenzi kinachoeleza sungura anavyolia kilibadilishwa katika chapa za baadaye. Mnunuzi mgeni huona mwaka 1902 umeandikwa ndani akadhani amepata hazina, kumbe mwaka huo ulirudiwa katika nakala zilizochapwa miongo mingi baadaye. Mwaka ulioandikwa peke yake hauthibitishi chochote.

Chapa ikishajulikana, hali ya kitabu ndiyo huamua. Mwaka 1949 jarida la wauza vitabu la Marekani, AB Bookman's Weekly, lilipendekeza ngazi za kueleza hali hiyo, kuanzia kitabu kilicho kama kipya hadi kilicho duni kabisa. Ngazi iitwayo "nzuri" imewapotosha wengi, kwa kuwa katika biashara hii maana yake ni kitabu kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida lakini kurasa zake zote zipo. Kwa vitabu vya watoto kutimia huko kwa kurasa ndiko jambo kubwa, na njia ya kulihakikisha ni moja tu: kuhesabu karatasi na picha moja baada ya nyingine. Picha nzuri ndizo zilizokatwa kwa mkasi zikabandikwa ukutani. Katika vitabu vyenye vipande vya kufunua au kuvuta, kipande kimoja kikikosekana, sehemu kubwa ya bei huondoka nacho.

Maji nayo huharibu vibaya. Picha za rangi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilihitaji karatasi laini iliyopakwa udongo mweupe, na karatasi ya namna hiyo ikilowa kurasa hugandamana. Mtu akijaribu kuzibandua, picha huchunika. Madoa madogo ya kahawia yaletwayo na unyevu husameheka kiasi yakiwa pembeni, lakini si yakiwa juu ya mchoro. Harufu ya ukungu haifichiki.

Halafu kuna jalada la juu, ile karatasi inayovishwa ganda, ambayo familia nyingi ziliitupa siku ya kwanza. Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak kilitoka Marekani mwaka 1963, na jalada lake la kwanza lina bei ya dola 3.50 bila alama yoyote ya tuzo, kwa sababu medali ya Caldecott ilikuja mwaka 1964. Kitabu cha chapa ya kwanza kisicho na jalada hilo hushuka thamani mno, na kona yenye bei ikiwa imekatwa, ushahidi muhimu umepotea. Kwa hiyo jalada na kitabu hukaguliwa kila kimoja peke yake, maana wapo wanaovisha nakala moja jalada la nyingine.

Jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli hupunguza bei kidogo. Maandishi ya mwandishi mwenyewe huipandisha, hasa katika zile nakala za 1901 ambazo Potter aliwagawia jamaa na marafiki. Kinachoumiza kuliko vyote ni ukarabati wa nyumbani. Utepe wa plastiki wenye gundi, uliobandikwa kwa nia njema kuzuia mpasuko, huacha baada ya miaka michache doa la manjano lililozama ndani ya karatasi, na kuliondoa ni kazi ya fundi aliyebobea ambayo gharama yake mara nyingi huizidi bei ya kitabu. Ukurasa uliochanika ukaachwa hivyohivyo bado unaweza kuungwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga, inayotoka tena kwa maji.