Mvutano wa Wastoiko na Akademia kuhusu ukweli

WASOMAJI wa Biblia wanawafahamu Wastoiko na Waepikureo kwa kuwa Mtume Paulo alihojiana nao mjini Athene. Hata hivyo, zaidi ya karne tatu kabla yake, Wastoiko walikuwa tayari wamezozana vikali na Akademia, shule iliyoasisiwa na Plato.

Zeno, mzaliwa wa Kition kisiwani Cyprus, alianza kufundisha yapata mwaka 300 K.K. katika baraza yenye nguzo karibu na soko. Baraza kama hiyo Wagiriki waliiita stoa, na ndipo wafuasi wake walipopata jina. Alishikilia kwamba baadhi ya mambo hutudhihirikia kwa namna isiyoweza kuwa ya uongo, na kwamba mwenye hekima huyakubali hayo pekee.

Arcesilaus, kiongozi wa Akademia, alipinga. Kila lililo kweli, alisema, laweza kuwa na la uongo linalofanana nalo kabisa. Basi ni heri kutokata shauri. Mayai mawili na watoto pacha ikawa mifano ya kawaida katika ubishi huo. Inasimuliwa kuwa mfalme Ptolemy wa Misri alimwandalia Sphaerus, Mstoiko, makomamanga ya nta. Sphaerus alipodanganyika, mfalme akapaza sauti kuwa amekubali uongo. Akajitetea kuwa hakukubali kwamba ni makomamanga, bali kwamba ilikuwa busara kudhani hivyo. Jibu la kijanja, ingawa lilimwachia mpinzani nusu ya ushindi.

Chrysippus aliitetea baraza kwa vitabu zaidi ya 700, ambavyo leo vimesalia vipande tu. Carneades wa Akademia, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya sasa, alivisoma kwa makini, akakiri kuwa bila Chrysippus yeye asingekuwapo. Wastoiko walimuuliza: asiyekuwa na hakika ya lolote ataishi vipi? Alitoa mfano wa kamba iliyojikunja chumbani gizani. Mtu huiruka akidhani ni nyoka, kisha hurudi akaichokoa kwa fimbo. Linaloelekea kuwa kweli, likishachunguzwa, latosha kumwongoza.

Mwaka 155 K.K. Athene, iliyotozwa faini ya talanta 500 kwa kuupora mji wa Oropus, iliwatuma mahasimu hao pamoja kuitetea mjini Roma: Carneades, Diogenes Mstoiko, na Critolaus wa shule ya Aristotle. Siku moja Carneades aliitetea haki hadharani. Siku iliyofuata akaipinga kwa ufasaha uleule. Vijana walisisimka, naye mzee Cato akalihimiza baraza la seneti liwarudishe kwao upesi. Faini ilipunguzwa hadi talanta 100.