Gishora: Kilima cha Ngoma

Umesimama Gishora, takriban kilomita 7 kutoka mji wa Gitega. Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1908, alijenga makao hapa baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi.

Ngoma mbili takatifu za kilima hiki zina majina: Ruciteme, yaani anayefyekewa msitu, na Murimirwa, anayelimiwa. Kwa Kirundi, neno *ingoma* lina maana mbili: ngoma yenyewe, na ufalme.

Tazama ngoma kwa karibu. Hakuna ubao uliounganishwa wala msumari. Ni gogo zima la mringaringa, mti ambao Warundi huuita *umuvugangoma*, lililochimbwa ndani hadi likawa mzinga. Ngozi mbichi ya ng'ombe huwambwa juu yake na kukazwa kwa vigingi vya mti; ikikauka, hulia.

Wapigaji husimama nusu duara, na ngoma kuu, *inkiranya*, huwa katikati. Zamani ngoma hizi zilisikika Mwami alipotawazwa na wakati wa *umuganuro*, sherehe ya kupanda mtama.

Ufalme ulikoma 1966, lakini koo za wapigaji ziliendelea kuwarithisha watoto wao kazi hii. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mgeni mpendwa, tafadhali usiguse ngoma bila idhini ya walinzi wake.