Uchaguzi wa Masomo ya Viumbe katika Chuo cha Harvard, na Kipimo cha Ugumu Wake

Kila unapoanza mwaka wa masomo, wanavyuo wa mwaka wa tatu na wa nne huulizana swali moja: katika masomo ya juu ya elimu ya viumbe, lipi gumu na lipi jepesi? Majibu hupokezanwa kama urithi. Wasikia kwamba somo la tishu lina majina mengi, la mimea lina Kilatini, la urithi wa viumbe lina hesabu ndani yake, na lile la kemia ya viumbe limewaangusha hata waliokuwa hodari. Swali hilo si la leo, nalo lina tarikhi yake. Nataka kuitazama tarikhi hiyo mahali pamoja tu, katika Chuo cha Harvard, Marekani, baina ya mwaka 1869 na mwaka 1911. Maana huko uhuru wa kuchagua masomo ulifikishwa karibu na ukomo wake, na huko huko mtu alijaribu kupima kwa daftari faida ya uchaguzi wenyewe.

Kabla ya hapo kwa sehemu kubwa swali lenyewe lisingekuwa na maana. Kijana aliyeingia chuoni alikuta njia imekwisha pigwa: Kiyunani, Kilatini, hesabu, na mengine machache, akaifuata pamoja na wenzake. Charles William Eliot, mwalimu wa kemia, alipofanywa mkuu wa chuo mwaka 1869, naye akiwa na umri wa miaka 35, alianza kuondoa masharti hayo moja baada ya moja. Alikaa katika kiti hicho miaka 40, na karne ilipokaribia kwisha masomo ya lazima yalikuwa karibu yamekwisha yote, isipokuwa uandishi wa Kiingereza katika mwaka wa kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba akili za vijana si za namna moja, na kwamba mtu hapati nguvu katika kazi asiyoipenda. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina upungufu: yadhani kwamba kijana aijua kazi kabla hajaifanya.

Upungufu huo ulionekana wazi katika elimu ya viumbe kuliko pengi, kwa kuwa elimu hiyo ilikuwa ikibadilika chini ya miguu ya wanafunzi. Zamani za Louis Agassiz, aliyelianzisha jumba la makumbusho ya wanyama mwaka 1859, mwanafunzi alipewa samaki mmoja katika sinia akaambiwa amtazame, na kesho yake amtazame tena, mpaka ayaone ambayo jana hakuyaona. Asa Gray naye alikuwa bingwa wa mimea, mtu wa kukusanya, kulinganisha na kuainisha. Agassiz akafa mwaka 1873. Mwaka 1877 akaja Edward Laurens Mark, aliyesomea Leipzig, naye akaleta mtindo wa Kijerumani: nyama ya kiumbe hukaushwa kwa dawa, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Jina la elimu lilikuwa lile lile, lakini kazi zilikuwa mbili, nazo zataka watu wawili mbalimbali. Mmoja ataka miguu na masikio ya msituni. Wa pili ataka mkono usiotetemeka na subira ya kukaa kitini.

Aliyeumia kwa jambo hilo ni mtu ajulikanaye na dunia nzima. Theodore Roosevelt aliingia Harvard mwaka 1876 akiwa na nia ya kuwa mtaalamu wa viumbe. Toka utotoni alikuwa akikusanya ndege na kuwachuna. Baba yake alimwambia kwamba mali ya nyumbani yatosha kumwezesha kufuata kazi isiyo na mshahara mkubwa, kwa sharti kwamba aifanye kwa bidii yote wala si kwa kujifurahisha. Mwaka 1877, akiwa bado mwanafunzi, alitoa pamoja na mwenzake Henry Minot orodha ya ndege wa milima ya Adirondack. Alisoma maumbile ya wanyama wenye uti wa mgongo kwa William James, yule ambaye baadaye alipata sifa katika falsafa, na alama zake katika masomo ya viumbe zilikuwa nzuri sana. Lau ungemwuliza mwenzake darasani kama masomo hayo ni magumu kwa Roosevelt, angekucheka.

Hata hivyo aliiacha njia hiyo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1913, aeleza kwamba chuo kiliihesabu elimu ya viumbe kuwa ni mambo ya maabara na hadubini tu, kana kwamba wanyama wakubwa na ndege na maisha yao ya porini hayastahili kusomwa; naye hakuwa na tamaa wala uwezo wa kuwa mkata vipande vya hadubini, kama vile asivyokuwa na uwezo wa kuwa mwanahesabu. Yafaa msomaji ayapime maneno hayo. Mtu aliyepata alama za juu asema hakuwa na uwezo. Kama ugumu ni alama, basi asema uongo. Lakini mimi namsadiki. Ugumu aliokutana nao haukuandikwa katika daftari la mitihani.

Wakati huo huo wanafunzi wengine walikuwa wakiutumia uhuru kwa namna nyingine kabisa: walitafuta masomo mepesi. Habari za mwalimu mpole na mtihani mfupi zilienea upesi, na masomo yaliyodai alasiri nzima katika maabara yakakwepwa na wengi waliotaka alasiri zao kwa mambo mengine. Mwaka 1903 halmashauri ya waalimu, chini ya LeBaron Briggs, iliwauliza wanafunzi wenyewe juu ya saa wanazosoma, ikaona kwamba wasoma kidogo sana kuliko waalimu walivyokuwa wakidhani. Katika halmashauri hiyo alikuwamo Abbott Lawrence Lowell, mwanasheria, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Lowell alishika uongozi mwaka 1909, akaubana uhuru wa Eliot. Katika masomo 16 ya shahada, mwanafunzi alitakiwa kuchukua sita katika fani moja, na sita mengine kuyatawanya katika fani zilizo mbali nayo. Kisha akageukia swali lililowasumbua hasa wale waliokuwa wakienda katika udaktari. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1893, kilikuwa kimetaka shahada pamoja na fizikia, kemia na elimu ya viumbe. Na taarifa ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilitaka vyuo vingine navyo visimike msingi huo wa sayansi. Elimu ya viumbe ikawa mlango, na kila mtu akataka kujua ni chumba gani apitie. Lowell akafungua madaftari ya wanafunzi waliopita Harvard na kuingia katika sheria na udaktari, akalinganisha masomo yao ya kwanza na matokeo yao ya baadaye. Mwaka 1911 akatangaza kwamba somo alilolishika mtu chuoni lilileta tofauti ndogo. Tofauti kubwa ilitokana na jinsi alivyolifanya vizuri.

Hesabu hiyo yapendeza, na waalimu wapenda kuitaja. Lakini ina pengo. Lowell aliwahesabu waliofika. Wale ambao waliinuka mbele ya hadubini wakaenda zao, kama Roosevelt alivyofanya, hawamo katika safu yoyote ya madaftari yale. Mimi mwenyewe niliwahi kulikimbia somo la urithi wa viumbe kwa kuambiwa kwamba ni hesabu tupu, nikachukua lililosifiwa kwa wepesi, la kuainisha wadudu. Nikateseka nalo mwaka mzima, kwa kuwa macho yangu hayakuweza kutofautisha mshipa wa bawa na mshipa wa pili. Aliyenishauri hakunidanganya. Kwake yeye lilikuwa jepesi.

Mnamo tarehe 21 Aprili 1909, majuma machache kabla ya Eliot kumwachia Lowell kiti, Roosevelt alishuka Mombasa. Alikuwa amemaliza urais mwezi wa Machi, na sasa alikuja kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian, pamoja na mwanawe na wataalamu watatu wa viumbe: Mearns, Heller na Loring. Walichukua tani nne za chumvi kwa kuhifadhia ngozi. Walipitia bara mpaka Uganda na Sudani, na wanyama, ndege na mimea waliyopeleka Washington ilipita 11,000 kwa idadi. Mwaka 1914 Roosevelt na Heller walitoa juzuu mbili juu ya maisha ya wanyama wa Afrika. Lile ndilo somo alilolitafuta Harvard mwaka 1876, na halikuwamo katika orodha.