Mizimu, Panga na Wadhibiti: Fantasia za Samurai nchini Japani na Bunilizi ya Kisayansi katika Televisheni ya Marekani, 1945–1966

Ikisiri

Filamu za samurai zenye mizimu na tamthilia za televisheni za bunilizi ya kisayansi huhesabiwa mara nyingi kuwa burudani ya kumtoroshea mtazamaji mbali na ulimwengu halisi. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kufuatilia historia ya tanzu hizo nchini Japani na Marekani kati ya 1945 na 1966. Hoja kuu ni kwamba fantasia ilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo vita, ubaguzi wa rangi na hatia ya umma viliweza kuzungumzwa mbele ya hadhira kubwa wakati njia za wazi zilipobanwa na serikali au wadhamini. Hata hivyo, hifadhi hiyo ilikuwa na gharama: kinyago kinachomlinda msemaji humpa pia mtazamaji nafasi ya kutojitambua. Makala yanahitimisha kwa kueleza maana ya historia hii kwa watunga sera za filamu.

1.0 Utangulizi

Watafiti wa historia wamezoea kutafuta ushahidi katika hati za serikali, magazeti na masimulizi ya walioshuhudia. Filamu ya shujaa mwenye panga mbili anayekutana na mzuka msituni, au kipindi ambamo mji mzima unagubikwa na giza lisilo na sababu, huachiwa mashabiki. Mgawanyo huo una kasoro. Watu wengi walizipenda kazi hizi, na kupendwa kwake ni jambo la kihistoria linalodai maelezo. Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: kwa nini, katika miongo miwili baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wasanii makini wa mataifa mawili yaliyopigana walichagua mizimu, majini na sayari za mbali kuwa wasemaji wao? Jibu linaanzia kwenye ofisi za wadhibiti.

2.0 Upanga Uliopigwa Marufuku

Baada ya Japani kusalimu amri mnamo Agosti 1945, nchi iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa Washirika ulioongozwa na Jenerali Douglas MacArthur. Mnamo Novemba mwaka huo idara ya utawala huo iliyosimamia habari na elimu ilitoa orodha ya mada 13 zilizokatazwa katika filamu. Miongoni mwake zilikuwa kusifu vita, kuhalalisha kisasi, kutukuza utii wa kikabaila, kuonyesha kujiua kuwa jambo la heshima, na kudhalilisha wanawake. Filamu 236 za zamani zilipigwa marufuku kwa kuhesabiwa kuwa za kikabaila na za kijeshi. Miswada ilikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na filamu iliyokamilika ilikaguliwa tena.

Orodha hiyo iliugusa moyo wenyewe wa hadithi za samurai, kwa kuwa utii kwa bwana na kisasi ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wake. Waigizaji waliojenga majina yao kwa upanga walilazimika kubadili mavazi. Chiezo Kataoka, kwa mfano, alianza mwaka 1946 kuigiza mpelelezi Bannai Tarao, mtu wa suti na bastola. Filamu ya Akira Kurosawa, *Tora no o o fumu otokotachi*, iliyotengenezwa 1945 kuhusu shujaa Yoshitsune anayevuka kizuizi akiwa amejificha, haikuonyeshwa kwa umma hadi 1952.

Hata hivyo marufuku hayakufunga kila mlango. Mwaka 1950 Kurosawa alitoa *Rashomon*, filamu ambamo samurai ameuawa na mashahidi wanatoa maelezo yanayopingana. Marehemu mwenyewe anaitwa kutoa ushahidi kupitia kinywa cha mganga wa kike aliyepandisha pepo, na hata yeye haaminiki kikamilifu. Hapa samurai si mfano tena wa utii. Ni maiti yenye madai. Filamu ilipata Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice mwaka 1951, na soko la nje likafunguka kwa hadithi za kale za Japani.

3.0 Wafu Wanarudi Kudai

Utawala wa Washirika ulikoma tarehe 28 Aprili 1952. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba wasanii wangerudi mara moja kwenye masimulizi ya kishujaa. Wengi walifanya hivyo, na soko likajaa filamu za mapigano. Lakini baadhi ya kazi bora za kipindi hicho zilikwenda upande mwingine: ziliwaingiza wafu ndani ya hadithi ya vita.

*Ugetsu monogatari* ya Kenji Mizoguchi (1953) inatokana na hadithi za Ueda Akinari zilizochapishwa 1776. Mazingira yake ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 16 kando ya Ziwa Biwa. Mfinyanzi Genjuro anaona vita kuwa fursa ya kuuza vyungu. Jirani yake Tobei anataka kuwa samurai kwa gharama yoyote. Genjuro ananaswa na bibi mrembo ambaye ni mzuka, na anaporudi nyumbani anapokewa na mkewe Miyagi, akalala kwa amani. Asubuhi anagundua kwamba mkewe aliuawa zamani na askari wenye njaa. Tobei anapata cheo kwa kichwa cha jemadari ambaye hakumuua yeye, kisha anamkuta mkewe katika danguro. Mtazamaji wa 1953, ambaye miaka minane tu ilikuwa imepita tangu vita viishe, hakuhitaji kuelezwa ni nani waliolipa gharama ya tamaa ya wanaume.

Masaki Kobayashi aliendeleza njia hiyo. Alipokuwa askari huko Manchuria alikataa kupandishwa cheo cha uofisa, na baadaye akawa mateka wa vita Okinawa. Katika *Seppuku* (1962) aliibomoa heshima ya ukoo wa samurai kwa kuonyesha kwamba deraya tukufu inayolindwa na ukoo huo ni ganda tupu. Miaka miwili baadaye alitengeneza *Kaidan*, filamu ya hadithi nne kutoka vitabu vya Lafcadio Hearn. Katika mojawapo, Hoichi, kipofu mpiga biwa, anaitwa usiku kwa usiku kughani habari za vita vya Dan-no-ura vya 1185 mbele ya wasikilizaji ambao ni mizimu ya ukoo wa Heike walioangamia humo. Walioshindwa wanaomba wasimuliwe kushindwa kwao, na wanalia. Msanii anayewasimulia anapoteza masikio yake. Ni vigumu kupata taswira iliyo kali zaidi ya kazi ya kumbukumbu katika taifa lililoshindwa vitani.

Maelezo haya yanahitaji tahadhari. Filamu hizi zilitengenezwa baada ya udhibiti wa Washirika kuondoka, na hivyo udhibiti peke yake hautoshi kuzieleza. Biashara ilichangia: Masaichi Nagata, mkuu wa kampuni ya Daiei iliyotoa *Rashomon* na *Ugetsu*, alitambua kuwa matamasha ya Ulaya yanapenda Japani ya kale. Lakini soko linaeleza kwa nini studio ilikubali kugharimia mavazi ya kale. Halielezi kwa nini ndani ya mavazi hayo kulikuwa na wafu wasiotulia.

4.0 Wadhamini na Sayari za Mbali

Nchini Marekani mdhibiti hakuwa jemadari bali kampuni inayolipia matangazo. Rod Serling, mzaliwa wa 1924 aliyepigana kisiwani Leyte, Ufilipino, akiwa askari wa miavuli, alikuwa mwandishi maarufu wa tamthilia za televisheni katika miaka ya 1950. Mnamo Agosti 1955 Emmett Till, kijana Mwafrika-Mmarekani wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na watuhumiwa wakaachiwa huru. Serling alitaka kuandika kuhusu mji unaowakinga wauaji wake.

Tamthilia yake *Noon on Doomsday* ilipoonyeshwa Aprili 1956, mandhari yalikuwa yamehamishiwa New England na aliyeuawa amefanywa mgeni asiye na uhusiano na Kusini. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa kwa kuwa zingekumbusha eneo hilo. Alijaribu tena mwaka 1958 kwa *A Town Has Turned to Dust*. Safari hiyo kisa kilisukumwa hadi karne ya 19 na mhanga akawa Mmeksiko. Mara mbili, jambo la jana lilifanywa lisiwe la mtu yeyote.

*The Twilight Zone* ilianza kurushwa na CBS tarehe 2 Oktoba 1959 na kuendelea hadi Juni 1964, vipindi 156, ambavyo 92 viliandikwa na Serling mwenyewe. Muda mfupi kabla ya kuanza, alimweleza mtangazaji Mike Wallace kwamba hakusudii tena kushughulikia matatizo ya kijamii ya wakati huo katika tamthilia. Vipindi vilivyofuata vinaonyesha vinginevyo. Katika "The Monsters Are Due on Maple Street" (Machi 1960) majirani wanageukiana kwa shaka baada ya umeme kukatika, hadi mmoja anauawa. Katika "Deaths-Head Revisited" (1961) wahanga wa Dachau wanamhukumu aliyewatesa. Katika "I Am the Night—Color Me Black" (Machi 1964) jua linakataa kuchomoza juu ya mji uliojaa chuki, siku ya kunyongwa kwa mtu. Kisa cha mji wenye hatia, ambacho wadhamini walikivua maana kilipokuwa na anwani, kilipita salama kilipovaa giza la ajabu.

5.0 Pale Kinyago Kilipoteleza

Vipindi viwili vya mfululizo huo vinaiunganisha historia ya Marekani na ya Japani moja kwa moja. Katika "A Quality of Mercy" (Desemba 1961) luteni wa Kimarekani aliyeko Ufilipino tarehe 6 Agosti 1945, mwenye hamu ya kuua kabla vita haviisha, anajikuta ghafla akiwa ofisa wa Kijapani mwaka 1942 anayeamriwa kuwashambulia Wamarekani waliojeruhiwa. Tarehe iliyochaguliwa ni ya bomu la Hiroshima.

"The Encounter", kilichoandikwa na Martin Goldsmith na kurushwa Mei 1964, kinawafungia wanaume wawili darini mwa nyumba: askari wa zamani wa Kimarekani na mtunza bustani Mmarekani mwenye asili ya Japani. Kati yao kuna upanga wa samurai uliotekwa vitani, na upanga huo una nguvu isiyo ya kawaida inayowasukuma kuuana. Mhusika wa pili aliigizwa na George Takei, ambaye utotoni alifungwa kambini pamoja na Wamarekani wenye asili ya Japani wapatao 120,000. Kipindi kiliondolewa katika marudio kwa miongo mingi. Malalamiko makuu yalihusu maelezo kwamba baba wa mtunza bustani aliziongoza ndege za Japani huko Pearl Harbor, usaliti ambao haukutendwa na Wamarekani hao wa Hawaii.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili. Kwanza, fantasia ililindwa mradi haikutaja majina; ilipotaja mahali na kabila, ulinzi uliisha. Pili, uhuru wa kubuni si kinga dhidi ya uongo. Kipindi kilichotaka kufichua chuki kilirudia uzushi uliotumika kuwafunga watu wasio na hatia.

6.0 Mwaka 1966: Njia Zinakutana

*The Twilight Zone* ilionyeshwa Japani, na athari yake ikaonekana. Eiji Tsuburaya, mtaalamu wa mbinu za kamera aliyeondolewa kazini na utawala wa Washirika mwaka 1948 kwa sababu ya filamu zake za wakati wa vita, aliongoza kampuni iliyotengeneza *Ultra Q*, iliyoanza kurushwa na TBS tarehe 2 Januari 1966. Mradi huo ulibuniwa kuwa mfululizo wa visa vya ajabu vya mtindo wa Kimarekani kabla ya majitu kutawala. Katika kipindi kimoja mtoto apendaye fedha anageuka kuwa dude linalolazimika kula sarafu ili liishi, kejeli kwa taifa lililokuwa likikua kiuchumi kwa kasi.

Mwaka huohuo Daiei ilitoa filamu tatu za *Daimajin*, ambamo sanamu ya jiwe yenye umbo la shujaa wa vita inaamka kumwadhibu mtawala dhalimu. Katika filamu ya kwanza, mungu huyo akishamaliza kumuua dhalimu haachi. Anawageukia hata wanyonge waliomwomba, hadi machozi ya msichana yanapomtuliza. Hadhira ilifurahia kuporomoka kwa ngome, na papo hapo ikaonywa kwamba nguvu iliyoamshwa haichagui.

7.0 Maana kwa Sera za Filamu

Historia hii ina uzito kwa ukanda wa Afrika Mashariki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania, Na. 4 ya 1976, na sheria ya Kenya ya Sura ya 222 ziliweka utaratibu wa kibali kabla ya filamu kutengenezwa. Fasihi ya Kiswahili nayo inaijua njia ya mzimu: katika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, marehemu anarudi kumwonyesha mjukuu mwenye madaraka uharibifu aliouchangia.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Udhibiti wa awali hauondoi mada; huibadilishia mavazi, na mara nyingine huipunguzia usahihi. Udhibiti wa mdhamini huacha alama chache kuliko wa serikali, na hivyo sera inayoiangalia serikali peke yake haioni nusu ya tatizo. Tena, miswada iliyokataliwa na maagizo ya kukata sehemu za filamu ni nyaraka za kihistoria: kisa cha Serling kinaeleweka leo kwa sababu inajulikana kilichoondolewa. Bodi za filamu zinapaswa kuhifadhi kumbukumbu hizo na kuzifungua kwa watafiti baada ya muda maalumu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba fantasia za samurai na bunilizi ya kisayansi katika televisheni zilikuwa njia za kubeba historia ambayo haikuwa na pahali pengine pa kukaa. Wafu wa Ziwa Biwa, wasikilizaji wa Hoichi na mji uliokosa mapambazuko ni ushahidi wa yale ambayo jamii zilijua bila kuweza kuyatamka. Ushahidi huo hausemi wenyewe. Mtazamaji wa mji wenye hatia angeweza kufurahia hofu yake na kulala akiamini kwamba mji huo si wake. Hapo ndipo kazi ya mtafiti inapoanza: kuurudishia mzimu jina lake, mahali pake na tarehe yake.