Chambeshi, 1979: mitumbwi ilipofanya kazi ya ndege

Ukishuka kutoka Igamba, wilayani Mbozi, hadi barabara kuu ya Mbeya na Tunduma, hukawii kukutana na reli ya TAZARA. Inapita Vwawa, inafika Tunduma, inavuka mpaka kuingia Nakonde, kisha inatokomea kwenye misitu ya kaskazini mwa Zambia kuelekea Kasama na Mpika. Mafundi wa Kichina, Kitanzania na Kizambia waliifikisha mpakani mwaka 1973, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Miaka mitatu baadaye ilikuwa shabaha ya vita.

Mwaka 1979 ulikuwa mgumu kwa Tanzania. Kaskazini, majeshi yake yalikuwa ndani ya Uganda yakimfukuza Idi Amin. Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, alimtaka Nyerere arudishe majeshi nyumbani, na Nyerere akakataa. Mwishoni mwa Machi, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, ndege kubwa ya mabomu iliyoundwa na Wasovieti, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Iliukosa. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, na waliouawa walikuwa swala. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Kusini kulikuwa na adui wa aina nyingine. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, nayo ilikuwa na ndege za mabomu, Canberra za Kiingereza, na ilikwisha kuzipeleka Zambia. Tarehe 19 Oktoba 1978 ziliishambulia kambi ya wapiganaji wa ukombozi wa Joshua Nkomo karibu na Lusaka na kuua mamia ya watu. Kiongozi wa msafara huo wa angani aliuamuru mnara wa uwanja wa ndege wa Lusaka usiruhusu ndege yoyote kuruka mpaka wao wamalize shughuli yao. Kwa nini basi, walipoamua kuikata TAZARA kwenye daraja la mto Chambeshi mwaka mmoja baadaye, Warhodesia waliziacha Canberra nyumbani?

Sehemu ya jibu iko kwenye daraja lenyewe. Ukilitazama kutoka angani, daraja la reli ni mstari mwembamba. Bomu likiangukia hatua chache pembeni linapasua maji tu, na likitoboa sakafu bila kugusa nguzo, mafundi huziba shimo na treni ikapita. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani waliyapiga madaraja ya reli ya Italia na Ufaransa kwa makundi makubwa ya ndege za mabomu za ukubwa wa kati, B-25 na B-26, kwa sababu hawakutegemea kwamba ndege moja moja ingelenga vizuri. Huko Vietnam, daraja la Thanh Hoa lilistahimili mamia ya safari za ndege tangu 1965, mpaka mabomu yaliyoongozwa kwa mwanga wa leza yalipoliangusha Mei 1972. Rhodesia haikuwa na leza. Mabomu madogo ya mviringo yaliyoangushwa na Canberra Oktoba ile yaliundwa kuua watu waliokusanyika mahali pamoja. Nguzo ya zege yangeiparuza tu.

Wakatumwa makomandoo. Walirushwa kwa miamvuli usiku, ndani kabisa ya Zambia, kundi dogo likitangulia na wenzao wakifuata, pamoja na mitumbwi ya kukunja na shehena ya baruti. Waliteremka na mto Chambeshi wakijificha, na tarehe 12 Oktoba 1979 wakalilipua daraja la reli pamoja na lile la barabara. Kisha waliteka lori, wakakimbia nalo kuelekea kusini, na helikopta zikaenda kuwachukua.

Chambeshi si mto wa kupuuzwa. Ndicho chanzo cha mbali kabisa cha mto Kongo, na ukingoni mwake ndipo habari ya kusitishwa kwa Vita vya Kwanza ilipomkuta kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck, Novemba 1918, siku chache baada ya kupigana Fife, jirani na Nakonde ya leo.

Pigo lilipigwa kwa hesabu. Mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa mwaka 1973, na reli ya Benguela, ya kwenda bahari ya Atlantiki, ilikatika kwa vita vya Angola mwaka 1975. Zambia ikabaki ikitegemea mno njia ya Tunduma. Hata hivyo bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imeelemewa, na Oktoba 1978 Rais Kaunda alilazimika kuifungua tena reli ya kusini, ya kupitia Rhodesia, hasa kwa ajili ya mbolea. Mkulima wa mahindi wa Mbozi hahitaji kuelezwa maana ya mbolea kuchelewa. Daraja la Chambeshi lilipoanguka, tegemeo kubwa la reli lililosalia kwa Zambia lilikuwa lile lililopita mikononi mwa Rhodesia na Makaburu, wakati London mazungumzo ya Lancaster House kuhusu uhuru wa Rhodesia yakiendelea. Warhodesia hawakuificha nia yao: Novemba walizuia mahindi yaliyokuwa yakipelekwa Zambia, wakalipua madaraja zaidi, na tarehe 20 Kaunda akaitangazia nchi hali ya tahadhari ya vita.

Mkataba ulitiwa saini London tarehe 21 Desemba 1979, na Zimbabwe ikapata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Siku 17 kabla ya bendera kupandishwa Harare, ambayo wakati huo bado iliitwa Salisbury, viongozi wa nchi tisa, Tanzania ikiwamo, walikutana Lusaka na kuanzisha umoja wa kiuchumi wa SADCC. Kazi waliyoitanguliza ilikuwa uchukuzi: reli, barabara na bandari ambazo mizigo yao ingepita bila kuiomba ruhusa Afrika Kusini.