Misa ya Kislavoni: kuisikiliza sahani ya mwaka 1963



Sahani tunayoizungumzia inachukua dakika arobaini hivi. Ilirekodiwa mwaka 1963 na Orkesta ya Filharmonia ya Kicheki pamoja na kwaya ya Prague, chini ya uongozi wa Karel Ančerl. Kazi yenyewe ni Misa ya Kiglagoliti ya Leoš Janáček. Mwenye kuisikiliza mara ya kwanza akitarajia utulivu wa kanisa atashtuka, kwani tarumbeta zinatangulia kama kwamba mfalme anapita, na ngoma za shaba zinagongwa kwa nguvu. Ndipo kwaya inapoanza kuomba, «Gospodi pomiluj», yaani, Bwana utuhurumie.

Maneno hayo si ya Kilatini, wala si ya Kicheki ambacho waimbaji walikizungumza nyumbani kwao. Ni Kislavoni cha kale, na ili kuelewa jinsi kilivyofika ndani ya sahani hiyo inatubidi turudi nyuma miaka elfu moja na mia moja.

Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Thesalonike, Konstantino (aliyeitwa baadaye Sirili) na Metodi, walifika Moravia. Mtawala Rastislav ndiye aliyemwomba Kaisari wa Konstantinopoli walimu. Mapadri walikuwapo tayari, wakitoka upande wa Wajerumani, lakini Rastislav alitaka watu wa kuwafundisha raia wake katika lugha yao wenyewe. Sirili alibuni herufi, maana lugha hiyo haikuwa na maandishi. Herufi hizo ndizo zinazoitwa glagoliti, na kwazo ndugu hao walitafsiri Injili na vitabu vya ibada.

Hapo ugomvi ukaanza. Walipopita Venisi, mapadri wa huko waliwakabili wakisema kwamba Mungu anaweza kusifiwa katika lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, zile zilizoandikwa juu ya Msalaba. Sirili aliwajibu kwa Maandiko Matakatifu, akiwakumbusha kwamba mvua ya Mungu huwanyeshea watu wote. Papa Adriano II alivibariki vitabu vya Kislavoni. Sirili alifia Roma tarehe 14 Februari 869, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Klementi. Metodi, aliyefanywa askofu mkuu, alikamatwa na maaskofu wa Bavaria na kufungwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Papa alipodai aachiliwe. Alipofariki mwaka 885, Papa Stefano V aliipiga marufuku ibada ya Kislavoni, na wanafunzi wake wakafukuzwa Moravia. Yaani waliomtesa Metodi walikuwa Wakristo, tena maaskofu. Inafaa tulikumbuke jambo hilo bila kulipamba.

Sisi katika Kongo hatulisomi simulizi hili kama wageni. Wazee wetu walijibu Misa kwa Kilatini, na Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Kabla ya hapo, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina, huko Katanga, walikuwa wamekwisha kuifikisha Missa Luba Ulaya. Katika Missa Luba maneno yalibaki Kilatini na sauti zilikuwa zetu. Janáček alikuwa na jambo la namna nyingine: maneno yalikuwa ya mababu, na sauti zilikuwa mpya kabisa.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kijiji cha Hukvaldy, mtoto wa mwalimu maskini. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alipelekwa Brno, katika monasteri ya Waagustino, ili aimbe kwaya na kupata shule. (Mmoja wa watawa wa nyumba hiyo, aliyekuwa abati tangu mwaka 1868, ni Gregor Mendel, yule wa mbegu za njegere.) Mwaka 1869 ilitimia miaka elfu tangu kifo cha Sirili, na kijana Janáček alihudhuria sherehe za Velehrad pamoja na mwalimu wake, Padri Pavel Křížkovský. Nadhani Misa yake ilianza siku hizo, hata kama aliiandika baada ya zaidi ya nusu karne.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na makaburi mawili. Mwanawe Vladimír alifariki mwaka 1890 akiwa na miaka miwili, na binti yake Olga mwaka 1903, akiwa na miaka ishirini. Janáček aliacha kwenda kanisani. Inasimuliwa kwamba siku moja alimlalamikia askofu mkuu kuhusu ubovu wa muziki wa kanisa, na askofu akamwambia kwamba basi yeye mwenyewe aandike kitu kilicho bora. Aliianza kazi mwaka 1926, akiwa na miaka sabini na miwili, katika mji wa Luhačovice wenye chemchemi za maji ya kutibu, huku mvua ikinyesha siku baada ya siku. Misa iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Brno tarehe 5 Desemba 1927. Mwandishi mmoja alipomsifu kuwa mzee mwenye imani, Janáček alikana yote mawili, uzee na imani.

Wako wanaouliza kama inafaa kusali kwa muziki wa mtu aliyesema hivyo. Wengine huona aibu kwa niaba yake, wakatafuta njia ya kumrudisha kanisani kwa nguvu, sasa kwa kuwa hawezi kujibu. Mimi naona tumwache na neno lake. Alisema mwenyewe alichotaka: kuonyesha uhakika wa taifa, huku Mungu akiwa shahidi. Lakini sikilizeni Nasadiki yake. Neno «věruju», nasadiki, linarudi tena na tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kama daraja litambeba. Kabla ya kutajwa kusulubiwa kwa Bwana, waimbaji wananyamaza, orkesta inabaki peke yake, kisha kinanda kikubwa kinalipuka kwa namna inayotisha. Wengi wenye imani wameandika Nasadiki zenye uzito mdogo kuliko hiyo.

Sasa turudi kwa wale waliorekodi. Mwimbaji wa tenori ni Beno Blachut, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Vítkovice. Watu wa Likasi na Lubumbashi watamwelewa. Karel Ančerl alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimpeleka katika kambi ya Terezín, na humo akaongoza orkesta ya wafungwa. Miongoni mwa wafungwa hao alikuwamo Pavel Haas, mwanafunzi wa Janáček, aliyeandika humo kazi ya vinanda vya nyuzi, na Ančerl akaiongoza. Mnamo Oktoba 1944 walipelekwa Auschwitz. Haas aliuawa. Mke wa Ančerl na mtoto wao mdogo, aliyezaliwa kambini, waliuawa pia. Yeye alibaki hai, na baada ya vita alizipata karatasi za Haas, akaiokoa kazi hiyo ya rafiki yake.

Mwaka wa kurekodi nao una neno lake. Serikali ya Kikomunisti ilikuwa imezifunga monasteri mwaka 1950, hata ile ya Brno ambamo Janáček alijifunza kuimba. Askofu Mkuu wa Prague, Josef Beran, ambaye naye alikuwa amefungwa na Wanazi, alikuwa kizuizini tangu mwaka 1949 na aliachiliwa katika mwaka huo huo wa 1963. Katika nchi hiyo, mbele ya vipaza sauti vya kampuni ya serikali, Myahudi aliyetoka Auschwitz aliongoza Misa Takatifu iliyoandikwa na mtu aliyekana imani, kwa lugha iliyowahi kupigwa marufuku na Papa. Miaka mitano baadaye majeshi ya Kisovieti yaliivamia nchi. Ančerl, aliyekuwa Marekani siku hizo, hakurudi kuishi kwao, akafia Toronto mwaka 1973.

Atakayeipata sahani hii aisikilize kwa makini hasa karibu na mwisho. Sisi tumezoea kumwomba Mwanakondoo wa Mungu huruma mara mbili, na mara ya tatu amani. Katika maandishi aliyoyafuata Janáček huombwa huruma mara zote tatu, na ombi la amani halimo. Kwaya inanyamaza na hairudi tena. Kinanda kinapiga peke yake, kwa kasi, juu ya miguso ile ile inayojirudia katika sauti nzito. Kisha tarumbeta zinarejea na kipande kiitwacho Intrada, ambayo maana yake ni maingilio, na Janáček amekiweka wakati ambapo waamini wanatoka.