Reli ile ile: namna Likasi ilijengwa, namna tulitoka

Mandugu wa shirika, na ninyi wote wenye kutusaidia toka mbali, kuna ulizo moja inarudia kila mara: hawa watu waliorudi, Likasi ni kwao kweli? Jibu iko mu historia ya muji.

Wazungu hawakugundua shaba hapa. Wasanga walikuwa wanachimba na kuyeyusha mukuba zamani sana, na Union Minière, iliyozaliwa 1906, ilifuata mashimo ya wazee hao. Kile ilileta ni reli na mashini: reli ya kusini ilifika Elisabethville 1910, Kambove 1913. Kisha wakajenga viwanda vya Panda, na kufikia 1929 kile cha Shituru, pale shaba inasafishwa kwa umeme. Muji wakauita Jadotville, jina la mukubwa wa kampuni, Jean Jadot.

Kilichokosa ni watu. Wafanyakazi wa kwanza walikufa wengi na magonjwa, wengine walikimbia. Basi kampuni ikageuza akili: mutu aje na bibi yake, apewe nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto. Mu 1928 reli ya BCK ikaunganisha Katanga na Kasai mpaka Port-Francqui (Ilebo ya leo), na wazee wetu wengi wakashuka na njia hiyo. Hawakujialika, waliandikwa kazi. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Mwenye kupoteza kazi alipoteza na nyumba. Mimi naona matata yetu yote ilianzia pale.

Gécamines ilichukua nafasi mu 1967, na posho ikaendelea. Miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1993 haikufikia 50,000. Kazi ilipopungua, wanasiasa wakaanza kuuliza nani ni mwenye inchi. Mwezi wa nane 1992, Konferansi ya Taifa ilichagua Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz, mutu wa Katanga. Hapo nyumba zikachomwa hapa Likasi, na mu 1993 Kolwezi. Jamaa zikalala ku gare majuma na miezi, zikingoja treni ya Mwene-Ditu na Kananga. Reli ile ile. Wengine walikufa kabla treni haijafika, zaidi watoto.

Tuliorudi hatukukuta tena posho. Mu 2003 Gécamines yenyewe iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000. Leo muji unaishi na wachimbaji wa mukono, soko, na barabara ya Lubumbashi–Kolwezi. Tena wengi wetu tuliuza nyumba haraka, kwa bei ya kukimbia, ao tuliacha mlango wazi tu.

Juu ya hiyo komite inaomba: kadi ya kazi ya baba, karatasi ya nyumba, hata ikiwa imechanika ao ina alama ya moto, muilete ku mukutano ujao. Tutaipiga picha, na ya asili mutarudi nayo nyumbani.